Dada, funga jiko Jumapili hata kama deni halijaisha

Wiki iliyopita dada mmoja wa Mutukula aliniandikia ujumbe mrefu. Ana kibanda cha chakula, ana watoto shuleni, na mume alikwenda kutafuta kazi Juba, hatumi kitu. Akaniuliza: "Mama, kila siku unatuambia tupumzike ndani ya Yesu. Mimi nitapumzikaje na ada ya muhula haijalipwa?" Nilimjibu kwa kifupi usiku uleule, lakini swali hili naulizwa na wengi, hasa kina mama wenzangu wa biashara ndogondogo, kwa hiyo leo nalijibu kwa kirefu.

Mimi nina hoteli ya chakula Malaba, mpakani na Kenya, upande wa Uganda. Wanaokula kwangu ni madereva wa matrela na matanboi wao, yaani wasaidizi wao wa safari, mawakala wa forodha, wabadilisha fedha na vijana wa boda. Mpaka wetu haulali. Gari lililotoka Mombasa linaweza kufika saa nane usiku, na dereva akishuka anataka chai ya moto na chapati, hataki kuambiwa jiko limezimwa. Kwa hiyo nawaelewa mnaosema kazi yenu haina siku ya kupumzika. Kazi yangu pia haikuwa nayo.

Mume wangu alifariki mwaka ule wa korona, 2020. Mnakumbuka hali ya Malaba wakati ule: madereva wanasubiri kupimwa, foleni ya matrela imerudi nyuma kuelekea Bungoma, na watu wa mjini wanawaogopa madereva kama vile ugonjwa wenyewe. Hoteli ikabaki na meza tupu. Shule zilikuwa zimefungwa, nazo zilipofunguliwa Januari 2022, baada ya karibu miaka miwili, ada ikadaiwa kwa wakati mmoja kwa watoto wote, pamoja na sare na magodoro. Nikakopa kwenye kikundi. Nikakopa tena kwa mtu wa riba ili nilipe kikundi.

Ya katikati niyapite haraka, maana kila aliyewahi kudaiwa anayajua. Nilikuwa nafungua saa kumi alfajiri na kufunga saa sita usiku, Jumapili ikiwemo. Mikono ikaanza kutetemeka. Dereva ananipa noti, namrudishia chenji, baada ya muda mfupi namrudishia tena. Usiku mmoja nilikaa na daftari la madeni chini ya taa ya sola, nikajumlisha ukurasa mmoja kutoka juu hadi chini, nikapata jibu moja. Nikarudia, nikapata lingine. Nikarudia tena, likatoka la tatu. Nikalifunga daftari nikalia mpaka mwanangu mkubwa akaamka.

Nilikwenda kwenye mkesha kutafuta msaada. Mhubiri aliyekuwa anaombea watu aliniwekea mkono kichwani, akatangaza mbele ya umati kwamba nimeingiwa na roho ya uvivu, na kwamba nikipanda mbegu, yaani nikimtolea sadaka, ya laki mbili deni litafutika kabla ya mwezi kwisha. Roho ya uvivu! Mimi niliyekuja pale miguu imevimba kwa kusimama jikoni tangu alfajiri. Sitamtaja mtu huyo wala kanisa lake. Nimemsamehe na ninamwombea, lakini neno lile bado linaniuma, na sioni sababu ya kuficha. Kama na wewe umeambiwa kwamba umechoka kwa sababu imani yako ni ndogo, nisikilize mimi leo: huo ni uongo.

Aliyenisaidia ni mama mmoja mzee, mlokole wa zamani, wa kizazi kilicholelewa na Uamsho ule wa Kikristo uliowaka Gahini kule Rwanda miaka ya 1930 ukaenea Uganda nzima. Watu wale mnawajua. Hawana kelele. Nilipofika kwake nilidhani tutapiga magoti. Aliniuliza, "Umekula?" Akanipikia uji wa wimbi, akanitandikia mkeka chumba cha nyuma, akanifungia mlango. Nililala mpaka jua likazama. Nilipoamka ndipo akafungua Biblia, 1 Wafalme sura ya 19.

Nendeni mkaisome wenyewe, polepole. Nabii Eliya ametoka mlima Karmeli, moto umeshuka mbele ya watu wote, manabii wa Baali wameshindwa. Yezebeli anatuma ujumbe wa kumtishia, naye anakimbilia jangwani, anakaa chini ya mti wa mretemu anaomba afe. Mungu anamfanyia nini? Anamwacha alale. Malaika anamgusa, anamwambia ainuke ale, na pale kichwani pake pana mkate uliookwa juu ya makaa na maji ya kunywa. Anakula, analala tena. Malaika anarudi mara ya pili na kumlisha tena, kwa sababu safari iliyo mbele yake ni kubwa. Hakuna karipio. Hakuna aliyemwomba mbegu. Usingizi na chakula vilitangulia, na sauti ya Mungu kule Horebu ikaja baadaye. Mimi niliyelisha watu maisha yangu yote sikuwahi kuona kwamba Mungu naye anapika.

Mama yule akaniambia nifunge hoteli Jumapili. Nikamwambia haiwezekani mpaka nimalize deni. Akasema, "Mwanangu, ukisubiri deni liishe ndipo upumzike, bwana wako ni deni."

Nilifunga Jumapili iliyofuata. Shemeji zangu walinijia juu, wakasema nataka watoto wa ndugu yao wafukuzwe shule. Jirani akawachukua wateja wangu, na alicheka. Nikarudi kwenye Biblia, Kutoka 16, kwenye habari ya mana: siku ya sita waliokota maradufu, na ile ya akiba haikuoza. Basi Jumamosi nikaanza kupika chapati maradufu, nikawaambia madereva wabebe za kesho. Mwanzoni zilibaki. Leo wanapigiana simu wakiwa Eldoret: "Mama anafunga kesho, jitahidi ufike leo." Jumamosi yangu sasa inauza kuliko siku yoyote ya wiki, na nasema hivyo kwa kifua mbele kwa sababu niliambiwa nitafilisika. Deni lilichukua muda mrefu kuisha. Sitawadanganya kwamba lilifutika kwa muujiza. Nililipa kidogokidogo kwa hela ya chapati, nikiwa na akili timamu na mikono isiyotetemeka.

Mnaniuliza nafanyaje hasa. Jumamosi jioni siloweki maharage. Kwa mwenye hoteli, maharage yaliyolowekwa ni kesho ambayo imeshaanza. Naosha sufuria, nazifunika kichwa chini, makaa nayazima kwa maji, simu ya biashara naizima. Halafu naomba Mathayo 11:28, "Njoni kwangu, ninyi nyote msumbukao na wenye kulemewa na mizigo, nami nitawapumzisha." Naomba, kisha nalala. Fanyeni hivyo. Lala usingizi, ndugu yangu. Hata Bwana Yesu alilala juu ya mto mashuani na tufani ikivuma.

Na tumaini je? Hapa nataka niseme kwa nguvu, maana tumefundishwa vibaya. Siku hizi tumaini limekuwa jina lingine la hela inayokuja. Askofu Mkuu Janani Luwum, wa Kanisa la Anglikana la Uganda, alikuwa mlokole. Yeye na maaskofu wenzake walimwandikia Idi Amin barua ya kupinga mauaji, na mwezi huohuo wa Februari 1977 akauawa. Kila Februari 16 nchi nzima inapumzika kwa ajili yake. Kama imani ni milango kufunguka tu, basi yeye alikuwa na imani gani? Alikuwa nayo kuliko sisi sote. Alijua yuko mikononi mwa nani, mlango ukifunguka au ukifungwa. Hilo ndilo tumaini ninalolizungumzia, nalo unaweza kuwa nalo ukiwa bado unadaiwa.

Wenye wafanyakazi, msiifanye pumziko kuwa mali yenu peke yenu. Amri ya Sabato katika Kutoka 20 inamtaja mjakazi, na hata mnyama. Unawezaje kuimba kanisani tangu asubuhi na hausigeli wako hajawahi kupewa siku yake? Wasichana wangu wa jikoni nawalipa Jumapili wakiwa kwao. Na wewe muuguzi au askari ambaye Jumapili uko zamu, chukua Jumanne. Mungu hataigombania kalenda na wewe.

Dada yangu wa Mutukula, kuhusu ada: nenda mwenyewe kwa bursa, yule mtunza fedha wa shule, kabla mtoto hajarudishwa nyumbani, usimtume mtoto na barua. Peleka ulichonacho, hata kama ni kidogo, omba tarehe za kulipa kilichobaki, na uandikiwe risiti. Shule yetu ilinikubalia hivyo. Nenda Ijumaa, ili Jumapili ukute shauri hilo limeshazungumzwa.