Mkono Ulioshonwa Una Bei Yake

Mhariri,

Swali lenu la wiki hii linauliza kama ni busara kwa klabu ya besiboli kutoa wachezaji wanaotegemewa ili kumpata mrushaji chipukizi (yule anayemrushia mpigaji mpira) mwenye kipaji kikubwa lakini anayejulikana kwa kuumia mara kwa mara. Jibu langu ni kwamba achukuliwe, mradi asiwe yeye peke yake ndiye malipo. Kwa lugha ya sokoni, kijana wa namna hiyo ni nyongeza juu ya fungu, si fungu lenyewe. Klabu inayompokea yeye tu badala ya mchezaji aliyekwisha kuiva imenunua mbuzi kwenye gunia, hata kama madaktari watatu wamelichungulia gunia hilo.

Kwa msomaji aliyezoea soka, ambako klabu hulipa fedha na mchezaji akahama, niongeze kwamba katika ligi kuu ya Marekani wachezaji hubadilishwa kwa wachezaji. Chipukizi ana thamani kwa sababu akishapanda ligi kuu hubaki chini ya klabu yake kwa takriban misimu sita kabla ya kuwa huru kujiuza, na misimu ya mwanzo hulipwa karibu na kima cha chini cha ligi. Ndiyo maana mtu ambaye hajawahi kurusha mpira hata mmoja katika ligi kuu anaweza kubadilishwa na nyota anayejaza uwanja.

Mimi ni shabiki wa Boston Red Sox kwa sababu ya makazi tu, maana naishi Massachusetts. Kiangazi kimoja nilikwenda Polar Park mjini Worcester, ambako timu ya akiba ya Boston huchezea, nikapata kiti karibu na uzio wa mahali warushaji wanapopasha mikono joto. Kijana mmoja aliyekuwa akirejea kutoka upasuaji alisimama hatua nne kutoka nilipoketi. Upande wa ndani wa kiwiko chake kulikuwa na kovu refu kama kidole, jepesi kwa rangi kuliko ngozi yake, lililopinda kufuata mfupa. Pembeni yake mwalimu alishika kidude cha kuhesabia, akikibonyeza kila mpira ulipotoka mkononi. Mchezo ulipoanza, kijana yule aliwatoa wapigaji watano mfululizo, nami nilikuwa nimeshaanza kumshangilia kana kwamba ni mpwa wangu, mara mwalimu akatembea hadi katikati ya uwanja na kuupokea mpira kutoka mkononi mwake. Hakuna mpigaji aliyekuwa amefanikiwa dhidi yake. Idadi ya mipira aliyoruhusiwa kurusha siku hiyo ilikuwa imefika.

Kovu lile lina historia. Mwaka 1974 daktari Frank Jobe alimfanyia upasuaji Tommy John, mrushaji wa Los Angeles Dodgers, ambaye ligamenti ya ndani ya kiwiko chake, yaani kamba inayoshikilia mifupa pamoja, ilikuwa imechanika, jambo ambalo hadi siku hiyo lilimaanisha mwisho wa kazi. Jobe alichukua kano kutoka mkono wake mwingine na kuipitisha katika matundu aliyoyatoboa kwenye mifupa ya kiwiko kilichoharibika. John alirejea uwanjani mwaka 1976 na akaendelea kurusha hadi 1989. Leo upasuaji huo unaitwa kwa jina lake na umekuwa jambo la kawaida, kwa kuwa warushaji wanatupa kwa nguvu zao zote kila mpira: wastani wa kasi ya mpira wa moja kwa moja ulikuwa karibu kilomita 147 kwa saa mwaka 2008, na kufikia 2024 ulikaribia 152. Misuli hukua kwa mazoezi, lakini ligamenti haifuati kwa kasi hiyo.

Kwa hiyo naona tunakosea tunapowagawa warushaji vijana katika makundi mawili, wazima na wagonjwa. Mwaka 2016 Boston ilimtoa Anderson Espinoza, kijana wa Venezuela mwenye umri wa miaka 18, ili kumpata mrushaji Drew Pomeranz kutoka San Diego Padres. Espinoza hakuwa na kovu lolote, na waliomsifu walimlinganisha na Pedro Martínez, nyota wa zamani wa urushaji wa Boston. Mwaka uliofuata alifanyiwa upasuaji wa kiwiko, mwaka 2019 akafanyiwa tena, na alipofika ligi kuu mwaka 2022 alikuwa amevaa jezi ya Chicago Cubs. Pomeranz kwa upande wake aliipatia Boston ushindi wa michezo 17 katika msimu wa 2017. Kichekesho ni kwamba katika mabadilishano hayohayo, aliyeadhibiwa kwa ajili ya faili la matibabu alikuwa A. J. Preller, meneja mkuu wa San Diego, ambaye ligi ilimsimamisha kwa siku 30 kwa kutowapa Boston taarifa kamili za afya ya Pomeranz. Aliyeficha taarifa ndiye aliyebaki na mkono uliochanika. Sicheki sana, kwa sababu kijana wa watu alipoteza miaka yake mizuri, lakini somo la bei liko pale: San Diego walimpokea mtu mmoja tu, na mtu huyo akavunjika.

Linganisheni na walivyofanya Tampa Bay Rays miaka miwili baadaye. Walimtoa Chris Archer kwenda Pittsburgh, mrushaji aliyekuwa mfano wa uimara, aliyevuka awamu 200 (mchezo mmoja kwa kawaida una awamu tisa) katika kila mmoja wa misimu ya 2015, 2016 na 2017. Kwa Archer walipata watu watatu: mpigaji Austin Meadows, mrushaji Tyler Glasnow, na mmoja aliyeandikwa kama mchezaji atakayetajwa baadaye, ambaye alikuja kuwa mrushaji Shane Baz. Glasnow alifanyiwa upasuaji wa kiwiko mwaka 2021 na Baz mwaka 2022. Kwa kuhesabu makovu, Tampa Bay waliumia mara mbili. Hata hivyo Glasnow ndiye aliyeanza mchezo wa kwanza wa fainali za 2020, na Meadows alikuwa ameteuliwa katika kikosi cha nyota mwaka 2019, ilhali Archer, yule imara, alifanyiwa upasuaji mwaka 2020 na hakucheza mchezo wowote msimu huo. Tampa Bay hawakuwa na macho ya kuona ndani ya kiwiko. Walihakikisha tu kwamba mkono mmoja ukikatika, dili zima halifi.

Najua nitajibiwa kwa Pedro Martínez mwenyewe. Mwishoni mwa 1993 Dodgers walimpeleka Montreal ili kumpata Delino DeShields, kwa hofu kwamba mwili wake mdogo usingestahimili kazi, na Jobe yuleyule alikuwa miongoni mwa waliotilia shaka uimara wake. Martínez akachukua tuzo ya Cy Young, ile ya mrushaji bora wa msimu, mara tatu. Mfano huo naukubali, lakini unawahusu wanaouza zaidi ya wanaonunua. Unatuonya tusimtoe kijana kwa sababu ya hofu tu, na hautuambii tutoe kila kitu ili tumpate.

Yuko pia mrushaji Garrett Crochet, ambaye Boston walimchukua Desemba 2024 kwa chipukizi wanne, ingawa alikuwa amefanyiwa upasuaji wa kiwiko mwaka 2022. Ilikuwa bei kubwa, na nilinung'unika nilipoisikia. Lakini Crochet hakuwa tena ahadi, kwani alikuwa amerusha awamu 146 mwaka huo mbele ya macho ya kila mtu, na msimu uliofuata akarusha zaidi ya 205. Mkono ulioshonwa ukafanya kazi mwaka mzima ni bidhaa nyingine kabisa, na muuzaji ana haki ya kuupandishia bei.

Hali ya klabu nayo ina uzito. Dodgers walishinda ubingwa wa 2024 huku Glasnow, waliyemchukua kabla ya msimu huo, akiwa nje kwa kiwiko, kwa kuwa wana fedha za kumweka mwingine mahali pake. Klabu ya mji mdogo haina anasa hiyo, lakini pia haina njia nyingine ya kupata mrushaji wa daraja la juu, hivyo simlaumu meneja wake akithubutu mapema, wakati kijana bado ni nyongeza.

Kama ningeitwa kwenye kikao hicho, ningeuliza kama ameumia kiwiko au bega, kwa sababu bega linanitisha zaidi. Ningeuliza kama ni upasuaji wa kwanza au wa pili, na ni awamu ngapi alizorusha tangu arejee. Kisha ningeuliza nani mwingine anakuja naye. Upande wa pili wakisema hakuna, ningefunga faili, nikawashukuru kwa chai, na kuondoka na mpigaji wangu.