Utani, kejeli au kijembe? Angalia umerushiwa nini kabla hujajibu

Ukiuza vitenge katikati ya Kampala, Kiswahili chako kinapimwa kila siku. Wateja wangu wanatoka Goma, Bunia, Juba, Kisumu, na siku za neema Mwanza na Dar es Salaam, na karibu kila mmoja ana lake la kusema kuhusu ninavyoongea. Watu wa Dar ndio mabingwa. Hata bei hawajauliza utawasikia: "Kiswahili kilizaliwa Zanzibar, kikakulia Tanzania, kikafia Kenya, kikazikwa Uganda." Wakongo hucheka sana hapo, wakisahau kwamba wapo wanaosema kaburi liko kwao.

Wasichana ninaofanya nao kazi huniuliza navumiliaje. Sivumilii kitu. Naangalia kwanza nimerushiwa nini, kwa sababu kucheka mtu kuna aina nyingi na hazijibiwi kwa namna moja.

Utani ni wa kurudishiana. Anayekutania amekupa ruhusa ya kumtania, na usipoitumia unamwacha peke yake uwanjani. Wenzetu Watanzania wamekua na jambo hili: Wanyamwezi na Wazaramo, kwa mfano, ni watani tangu enzi za misafara, na mtani anaweza kufanya vituko hata msibani na wafiwa wasikasirike. Basi mtu aliyelelewa hivyo akikuchokoza dukani, ukinuna ndiyo umemkosea. Mimi Luganda ndiyo lugha ya nyumbani, na r na l zinanichezea: mbili inatoka "mbiri", habari inatoka "habali". Juzi mteja akaniuliza, "Mama, mbiri ndiyo ngapi?" Nikamwambia, "Ndiyo mara utakazolipa ukiendelea kunicheka." Akacheka mpaka akaegemea mzigo, akaongeza vipande viwili. Vibiri, kwa hesabu yangu.

Na utani una mahali pake. Nenda Mbale msimu wa imbalu, yaani tohara ya Wagisu, mwaka wa shufwa, uone kijana ambaye hajatahiriwa anavyoimbwa na kuitwa musinde mbele ya ukoo mzima. Maneno ni makali, lakini kila mtu anajua yanaishia wapi: akishakatwa, jina hilo limekwisha. Mtu akikuita hivyo ofisini mwezi wa pili, huyo hakutanii.

Kejeli huja imevaa sifa. "Karibu profesa wetu!" anasema mtu anayejua fika kwamba uliishia darasa la saba, tena anasema kwa sauti ili wengine wasikie. Kejeli bila watazamaji haina utamu, kwa hiyo usiwapigie watazamaji ngoma. Dawa ninayoitumia ni kuuliza kwa upole: "Sijakuelewa, profesa kivipi?" Mwache afafanue. Nimeona watu wazima wakitafuta simu mfukoni. Dhihaka ni nzito zaidi, maana hushika kitu usichoweza kukibadilisha: kigugumizi, mguu, ugumba. Hapo sitafuti jibu la kuchekesha. Namwambia aache, kwa maneno hayohayo, na kama ni mteja aende akanunue kwingine. Hujafa hujaumbika.

Kuzomewa ni kazi ya kundi, na kundi halijibiwi. Ondoka, hasa ukiwa stendi.

Kijembe sasa. Hicho hakina jina juu yake, ndiyo ujanja wake. Uko saluni unasukwa, mtu anamwambia msusi: "Siku hizi kuna watu wanapendeza kwa mkopo." Ukigeuka na kusema "unanisema mimi?", umeshakubali. Kaa, maliza nywele zako. Kikizidi kukufuata wiki baada ya wiki, mtafute mwenyewe pembeni, si mbele ya wateja, umuulize ana nini na wewe. Wapo wanaopenda kujibu kijembe kwa kijembe, na kusema kweli wakiwa hodari inafurahisha kusikiliza, lakini mzaha mzaha hutunga usaha.

Linaloumiza kuliko yote, kwa maoni yangu, ni masimango. Wengi tuliokuja mjini tulipokewa na ndugu. Umelala kwake, umekula kwake, halafu siku moja mbele ya wageni anasema: "Huyu alikuja na kaveera moja la nguo, leo anachagua mboga." Watu wanacheka na wewe unacheka. Ugumu wake ni kwamba kaveera, huo mfuko wa plastiki, ni kweli. Ukibisha utaonekana huna shukrani, ukilia utaambiwa hujui mzaha. Nawashauri wadogo zangu wajibu kwa shukrani, palepale, mbele ya wageni walewale: "Ni kweli shangazi, ulinipokea sina kitu. Asante sana." Kisha unyamaze, uendelee kula. Msimangaji alitaka uone haya, na sasa wageni wanamtazama yeye. Halafu uanze kutafuta chumba cha kupanga, kwa sababu anayesimanga mara moja atarudia.

Kuna neno moja ambalo kwangu halina jibu la kudumu. Nikiongea Kiswahili sokoni, vijana hunisalimu kama askari, maana hapa Uganda Kiswahili kilijulikana kama lugha ya jeshi: "Afande, bunduki umeiacha wapi?" Kwao ni utani mtupu, na najibu kwamba imo ndani ya mzigo, wanunue tuimalizie hapo. Wamezaliwa juzi, Kiswahili wanakijua kama lugha rasmi ya pili, iliyoingizwa kwenye katiba mwaka 2005. Lakini mzee aliyekuwa mtu mzima miaka ya Amin, aliyeamrishwa kwa Kiswahili kizuizini, akilisema neno hilohilo hacheki. Huyo simrudishii utani. Napiga magoti kidogo kama nilivyofundishwa nyumbani, namsalimu kwa Luganda, na bei namtajia kwa Luganda.