Fundi kapiga Windows kaacha C peke yake, D nitaipataje?

SWALI: Kaka habari za kazi. Mimi mwalimu wa sekondari hapa Morogoro, laptopu yangu ilikuwa nzito nikaipeleka kwa fundi akanipigia Windows 10 upya, kufika nyumbani naona kuna C tu (ile sehemu ya diski yenye Windows) ya GB 465 wakati diski yenyewe ni ya 500, zamani nilikuwa na D ndo naweka mitihani na picha za mtoto. Nimempigia simu anasema niirudishe apige upya na nilipe tena. Ni lazima? Na GB 35 zimeenda wapi?

JIBU: Mwalimu, usirudishe wala usilipe, hiyo kazi unaifanya mwenyewe hapo mezani na Windows yako inabaki kama ilivyo. Enzi za Windows XP kweli ilikuwa huwezi kupunguza C bila programu ya pembeni, lakini tangu Windows Vista ya 2007 kifaa cha kugawa diski kimo humo humo ndani ya Windows. GB 35 nazo hajachukua mtu, kiwanda kinahesabu kwa 1000 na Windows inahesabu kwa 1024, ndo maana 500 inasomeka 465.

Kabla ya yote, kama mitihani na picha za mtoto bado zimo humo C, zikopi kwenye flashi au eksteno (diski ya nje ya kuchomeka), na chaja iwe imechomekwa, maana umeme ukikata na betri imechoka katikati ya kazi hii unaweza kupoteza vyote, naomba sana hili usiliruke. Afu bofya kulia kwenye alama ya Windows pale chini kushoto, chagua Disk Management. Utaona diski yako imechorwa kama ubao mrefu, C ndo kipande kikubwa na pembeni kuna vidogo vya MB mia moja hadi mia kadhaa, vile vya kuwashia na kuokolea mashine, usiviguse.

Bofya kulia juu ya C, chagua Shrink Volume. Itafikiri kidogo afu inaleta kisanduku chenye mistari minne, na hapa ndo wengi wanakosea, mstari wa tatu haukuulizi C ibaki na ngapi, unakuuliza uimege ngapi, tena kwa MB. Ukitaka D ya GB 300 zidisha kwa 1024, andika 307200, mstari wa nne utakuonyesha C inabaki na ngapi, kwako itakuwa kama GB 165, zinatosha kabisa. Ukikubali kitatokea kipande chenye mstari mweusi juu, bofya kulia hapo, New Simple Volume, nenda mbele mbele, herufi D (kama imeshachukuliwa na sehemu ya CD itakupa E, haina neno), acha NTFS (mpangilio wa kuhifadhi mafaili) kama ilivyo, maliza. Hiyo fomati inagusa kipande kipya tu.

Inaweza kukugomea ikakwambia unaweza kumega GB chache tu na wewe unaona nafasi ipo tele. Ni kwa sababu kuna mafaili ya mfumo yamekaa katikati ya diski na hayasogezeki, mojawapo ni lile la kulaza mashine. Fungua CMD (dirisha la kuandika amri) kama administrator, andika powercfg /h off, zima na System Protection ya C (ndo inayotunza restore point, yaani hali za nyuma za kurudishia Windows, ukizima zile za zamani zinafutika), ristati, jaribu tena, ukimaliza rudisha kwa powercfg /h on.

Na ikitokea meseji inayosema diski itageuzwa kuwa dynamic (mtindo mwingine wa kupanga diski), jibu No. Inatokea kwenye diski za MBR, mtindo wa zamani wa kugawa diski, ambazo zinabeba patisheni (vipande) kuu nne tu, ukikubali unaweza kuja kupata tabu ya kuwasha mashine.

Jambo moja mwalimu, D itakusaidia siku fundi akipiga Windows tena asifute mitihani yako, ila C na D ni diski moja, ikifa zinakufa zote. Ile kopi ya kwenye flashi usiifute.

SWALI: Salaam ndugu yangu, niko Mombasa. C imejaa, nikaimega D nipate nafasi ya kuiongezea C, lakini Extend Volume haibonyezeki. Kwa nini?

JIBU: Waaleikum salaam. Nafasi uliyomega imetokea nyuma ya D, na Windows inataka iwe imegusana na C upande wa kulia, kwa sasa D imekaa katikati kama ukuta. Toa vitu vyote vya D uweke eksteno, fungua viwili vitatu uhakikishe vinafunguka, ndo ufute D, Extend Volume ya C itawaka, ongeza kiasi unachotaka na kinachobaki tengenezea D upya. Kama hauna eksteno kuna GParted, programu ya kugawa diski, ya bure, inawashwa kutoka kwenye flashi na inaweza kuisogeza D bila kuifuta, ila inachukua masaa na ikikatika njiani D yote inaweza kupotea, kwa hiyo mimi ningeazima eksteno.