Baba mkwe wako si Frimasoni, mwanangu

"Shangazi, mke wangu amerudi kwao, wiki ya tatu sasa. Nilimweleza kuhusu koo 13 zinazotawala dunia kwa siri, na kwamba baba yake yumo, maana utajiri wake hauna maelezo na anavaa pete nyeusi. Nikamfundisha pia kwamba piramidi na Zimbabwe Kuu, yale magofu ya mawe nchini Zimbabwe, zilijengwa na watu wa Atlantis. Akaniita mgonjwa. Tangu nipunguzwe kazini mwaka jana hana heshima kabisa. Nifanyeje anielewe?" – Baba Wawili, Tanga

Pole kwa kupoteza kazi, mwanangu. Hilo linauma kweli. Kwa mengine yote sina pole ya kukupa.

Barua yako ilikuwa ndefu, hapo juu nimeifupisha. Umeandika kwamba mama watoto anaamka saa kumi alfajiri kukanda unga wa maandazi, na wewe muda huo ndiyo kwanza unazima simu. Umeandika kwamba siku mtungi wa gesi ulipoisha, hela iliyokuwepo uliinunulia bando. Umeyataja haya kwa kupita, ila mimi ndiyo niliyoyasoma mara mbili. Huyo mwanamke amechoka. Ningekuwa mama yake ningemtandikia kitanda apumzike.

Na baba yake je? Unasema utajiri wake hauna maelezo, halafu mwenyewe unaeleza kwamba anauza saruji, mabati na misumari tangu mkeo akiwa darasa la kwanza. Maelezo ndiyo hayo! Mzee ameamka kila siku akafungua duka. Wewe ukaenda kwenye arobaini ya marehemu dada yake, watu wamekaa mkekani, ukamuuliza mbele yao pete ile kapewa na nani. Na ada ya mwanao muhula huu kalipa yeye. Umelitaja hilo mwisho kabisa wa barua. Mimi niko upande wa mzee.

Hizo koo zako watu huziita Illuminati, na chama cha jina hilo kilikuwepo kweli. Profesa Adam Weishaupt alianzisha chama hicho Bavaria, Ujerumani, mwaka 1776, na haikufika miaka kumi serikali ikakipiga marufuku. Hadithi ya kwamba wapo mpaka leo imebebwa na watu wenye chuki. Mwaka 1903 huko Urusi yalichapishwa maandiko ya kughushi yakidai wazee wa Kiyahudi wamepanga kuitawala dunia. Gazeti la Times la London likayafichua mwaka 1921, lakini Wanazi waliendelea kuyaeneza, na Wayahudi milioni sita wakauawa. Hapa kwetu vikongwe wa Kanda ya Ziwa wamekatwa mapanga kwa sababu ya macho mekundu, na macho yenyewe yameharibiwa na moshi wa jikoni. Wewe umeanza na pete. Maneno kama hayo yakishasemwa msibani, unajua nani atayabeba na kuyapeleka wapi?

La Zimbabwe ndilo limenichoma zaidi. Mjerumani Karl Mauch alifika pale mwaka 1871, akaona kuta za mawe yaliyopangwa bila chokaa, akasema ni kazi ya Malkia wa Sheba, kwa kuwa hakuamini Mwafrika anaweza. Mwaka 1905 mwanaakiolojia David Randall-MacIver akachimba, akasema waliojenga ni Waafrika. Gertrude Caton-Thompson akachimba tena mwaka 1929, jibu likawa lilelile. Ni mababu wa Washona. Ndani ya magofu hayo imepatikana sarafu ya sultani wa Kilwa, al-Hasan bin Sulaiman, maana dhahabu ya kule ilipita bandari ya Sofala, Msumbiji, ikaja pwani yetu hii. Wazee wetu walifanya biashara na waliojenga zile kuta, na wewe mtu wa Tanga unawapa sifa hiyo watu wa Atlantis, kisiwa kilichotajwa kwanza na Plato, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, katika hadithi zake! Piramidi nazo zina mashahidi. Mwaka 2013, Wadi al-Jarf huko Misri, kwenye Bahari ya Shamu, yalipatikana maandishi ya karatasi za mafunjo ya msimamizi aitwaye Merer, aliyeandika siku kwa siku jinsi kikosi chake kilivyosafirisha mawe kwa mashua kutoka machimbo ya Tura hadi Giza, penye piramidi, enzi za Farao Khufu.

Ndoa za siku hizi zinaumwa ugonjwa huu. Watu wawili chandarua kimoja, kila mmoja na simu yake, mtu asiyemjua ndiye anayemwamini kuliko aliyelala ubavuni. Mwanamume akikosa kazi anaona aibu, na badala ya kusema "mke wangu, nimekwama", anatafuta mkubwa wa kumlaumu. Mficha uchi hazai.

Mchukue baba yako mdogo au mzee mwingine anayeheshimika, uende kwa baba mkwe. Usiende mikono mitupu. Umwombe radhi mbele ya haohao waliokusikia msibani, wala usitaje pete wala ukoo wowote. Ukishasamehewa, mwombe kibarua dukani, hata cha kupakia mifuko ya saruji. Mkeo usimpigie simu kumfundisha kitu. Mtumie hela ya watoto kila wiki, kidogo utakachopata, na siku ya kurudi aichague mwenyewe.