Krismasi ya Migombani, na Mume Uliyemkimbia

Msomaji ameuliza: aliondoka kwa mume aliyekuwa akimpiga, sasa mama mkwe anataka wajukuu Krismasi, kijijini Rombo. Aende?

Kwa mama yake mzazi, sawa. Kwa wakwe, mwaka huu hapana. Ubaya wa Desemba kwa Mchaga ni kwamba huna haja ya kutafutwa. Novemba nzima unaweza kujificha Mbagala, lakini tarehe 25 kila mtu anajua uko migombani kwenu na unasali misa ya ngapi. Vunja ratiba hiyo. Safiri tarehe 18, au subiri hadi 28. Siku yenyewe nenda misa ya kwanza, au kigango kingine (kanisa dogo la parokia), uondoke kabla salamu za uwanjani hazijaanza. Wa Rombo hushuka Himo. Kama ndipo mume atakapokuvizia, pitiliza hadi Moshi mjini, kaka yako akufuate. Nauli ya kurudi iwe taslimu, maana sikukuu mawakala wa pesa za simu vijijini huishiwa floti.

Simu ndiyo inayowaumbua wengi. Piga *106# uone laini imesajiliwa kwa jina la nani. Ikiwa ni kwa kitambulisho cha mume, anaweza kwenda dukani kudai imepotea, apewe nyingine yenye namba ileile. Yako inazima, na namba za uthibitisho za WhatsApp zinaingia kwake. Sajili mpya kwa alama zako za vidole. Fungua WhatsApp kwenye vifaa vilivyounganishwa, ondoa usichokitambua. Badilisha nywila ya Google, kwa kuwa akaunti hiyo huonyesha simu ilipo. Ya mtoto pia. Halafu, baada ya kazi yote hiyo, binamu anaweka ndafu, yaani mbuzi mzima wa kuchoma, kwenye status, na nyuma yake ni wewe na sahani yako. Mwambie mapema, bila kuzunguka: picha zitoke nikishaondoka.

Kuna pia kikao cha kushtukiza. Ndafu imekatwa, mbege, pombe yetu ya ndizi, imezunguka, mzee anasema leo tuyamalize, kumbe mwanaume ameshaitwa. Nyanyuka uondoke. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 66, haimpi mwenzi haki ya kumpiga mwenzake, na anayetaka talaka ana Baraza la usuluhishi la kwenda. Wazee wanaokubana katikati ya pilau wanataka sikukuu yao itulie tu. Mbege haijawahi kutibu ngumi.

Bibi akiwataka sana wajukuu, wamwone mchana, mahali penye watu, na anayewapeleka asiwe wewe. Usiwafundishe uongo, wasijue tu siku ya safari hadi asubuhi yake.

Tarehe 25 na 26 ofisi za ustawi wa jamii hufungwa. Fika Dawati la Jinsia na Watoto la polisi kabla ya tarehe 24, utoe taarifa, namba ya RB (ya taarifa yako kituoni) uiandike kwenye karatasi. Dharura ni 112, ya watoto 116. Ukijeruhiwa, PF3, fomu ya matibabu, hutoka polisi, ila unayevuja damu anza hospitali. Ukibakwa, dawa za kuzuia VVU zianze ndani ya saa 72, sikukuu au si sikukuu.

Mwisho, kubalianeni na dada yako sentensi moja, mathalani "nimesahau kitenge cha kijani". Akiisikia kwenye simu asiulize kitenge gani. Apige 112, kisha aje na watu.