Rubani kagoma kutua usiku, ni uoga?

SWALI: Shikamoo kaka. Niko Mufindi, mwezi wa sita jirani yetu alizidiwa jioni, ikaombwa ndege ndogo ije kumchukua pale uwanja wa majani wa shambani, rubani akasema haji mpaka kupambazuke. Tulishapanga magari mawili yawashe taa fulu na vijana wana tochi, bado akagoma, tukampeleka Iringa kwa gari. Watu wanasema yule rubani muoga tu. Ni kweli?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na pole sana kwa jirani. Ila hapana, huyo si muoga, ningekuwa mimi ningegoma vilevile, na nimerusha hizi za injini moja miaka mingi.

Nyie mkiwa chini mnaona taa zinawaka vizuri, yeye kule juu anaona vidoa viwili vya mwanga basi, chai giza, mipaina giza, hakuna cha kumwonyesha ardhi ilipo. Hapo jicho linamdanganya kwamba yuko juu sana, anashusha, anashusha tena, kumbe anaifuata miti kabla hata hajaufikia uwanja. Marubani tunaita shimo jeusi. Ndo maana viwanja vya kueleweka vina zile taa 4 pembeni, ukiona 2 nyeupe 2 nyekundu uko sawa, zote zikiwa nyekundu umeshuka mno. Magari hayakwambii hilo, na fulu ikikupiga usoni macho yaliyozoea giza yameondoka, kuyarudisha ni kama nusu saa.

Halafu kugusa chini kwenyewe. Mchana unayaona majani yanavyokimbia chini ya tairi, unajua sasa navuta usukani. Usiku huoni jani hata moja, unavuta mapema, spidi inaisha ukiwa bado hewani, ndege inadondoka kama gunia la mahindi.

Na huku kwetu kuna mwinuko, Nduli tu, uwanja wa ndege wa Iringa, ni zaidi ya futi 4,600, Mufindi ndo juu zaidi, na usiku macho yanaanza kupungua nguvu kuanzia kama futi 5,000 kwa ajili ya oksijeni kupungua na mwenyewe husikii chochote. Ongeza ukungu wenu wa mwezi wa sita, gizani huuoni mpaka uko ndani yake. Mwaka 1999 John F. Kennedy Jr., yule mtoto wa rais wa Marekani, alianguka baharini usiku na mke wake na shemeji yake, ndege haikukutwa na hitilafu, alipotelewa tu na juu ni wapi chini ni wapi. Inaniuma mpaka leo nikiifikiria.

Siku nyingine mgonjwa akianza kubadilika saa 9 mchana pigeni simu saa hiyohiyo, jua likishazama kwetu dakika 20 na kitu tu ni giza. Na mtu awahi uwanjani kuondoa ng'ombe.