Re: Ile taishokoto ya taarabu ndo koto ya Kijapani?

Hapana mkuu, hao ni ndugu wa mbali tu. Hiyo unayoisikia kwenye taarabu za Mombasa, yenye vitufe kama vya taipureta, ni taishogoto (ndo hiyo hiyo taishokoto), ilibuniwa na Morita Goro kule Nagoya, Japani, mwaka 1912, enzi ya mfalme Taisho ndo inaanza na jina likatoka hapo. Koto yenyewe ni ya kale sana, asili yake China, na ni dude hasa aisee, mita 1.8 hivi, mbao ya mti wa kiri, nyuzi 13 na kila uzi una kidaraja chake cha kuuinua, ukitaka kubadili tyuni unakisogeza basi. Mpigaji anavaa kucha za bandia vidole vitatu vya mkono wa kulia, halafu wa kushoto unabonyeza uzi ng'ambo ya kidaraja sauti inapanda kidogo inalia kama mtu, mi hapo ndo huwa naishiwa maneno. Taishogoto huku unabonyeza kitufe huku unakwangua nyuzi na kiplastiki, nadhani ndo maana watu wa taarabu waliidaka fasta.